Mguu wa Kushoto wa Mama

Harufu ya tapentaini ndiyo iliyoniliza, si maneno ya fundi. Nilikuwa nimeingia kwenye kibanda chake pale Kahama, nimebeba picha ya mama yangu niliyoizungushia khanga kuukuu, nikitaka aitengenezee fremu kwa kuwa mchwa walikuwa wameanza kula pembe moja ya ubao. Kijana wa watu aliifungua taratibu, akaipangusa vumbi kwa kiganja, akaitazama kwa muda kama mtu anayeijua kazi. Kisha akainama, akaweka kidole pale chini kabisa.

"Mama, huyu mchoraji alisahau mguu," akasema. "Nikumalizie? Ni kazi ya dakika tano tu."

Nilimkatalia kwa ukali ambao hakuustahili hata kidogo. Akauondoa mkono wake haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. Ilibidi nimwombe radhi, nikae kwenye stuli yake, nipenge kamasi kwenye khanga, nimweleze robo tu ya mambo yenyewe. Robo tatu zilizobaki nawaandikia ninyi mliokulia enzi za foleni ya sukari na sabuni ya kipande, kwa sababu mnajua mtoto wa wakati ule alivyokuwa akiambiwa machache na kujijazia mengine mwenyewe.

Kwetu ni Ushirombo, upande wa chini wa misheni. Baba yangu alikuwa Msumbwa wa hapohapo, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa maneno ya kupima. Mama alikuwa Msukuma wa Didia, aliyeletwa na ndoa, na mpaka anaingia kaburini Kiswahili chake kilitembea kwa mwendo wa Kisukuma. Nyuma ya nyumba alikuwa na bustani iliyozungushiwa ua wa minyaa, ile mimea yenye utomvu mweupe ambao tuliambiwa ukiingia jichoni umekwisha. Kiangazi kilipokaza, nchi yote ikiwa rangi ya vumbi, ng'ombe mbavu nje, bustani ya mama ilibaki kijani kwa sababu alikuwa na kisima na alikuwa na kichwa kigumu. Alimwagilia kwa kopo la maziwa ya unga alilolitoboa matundu kwa msumari. Nikifumba macho nausikia mpaka leo ule mlio wa maji yakianguka juu ya majani ya nyanya, na harufu inayopanda baada yake, chungu kidogo, ya kijani. Sijawahi kununua marashi yanayoifikia.

Na tulikuwa na Mjomba Kalisti. Hakuwa mjomba wa damu. Yeye na mama walizaliwa kaya jirani kule Didia, wakabatizwa siku moja, na hiyo ilitosha awe kaka wa mama na sisi tuwe wapwa zake. Kazi yake ilikuwa kuandika. Majina ya maduka, majina ya malori, namba za magunia ya pamba, vyote vilitoka mkononi mwake. Kila mwaka kabla ya Noeli mapadre walimwita azipake upya nyuso za sanamu za kanisani, na wazee wetu walikuwa wakitania kwamba Mtakatifu Yosefu anazidi kufanana na Kalisti kila mwaka. Rangi haikumtoka kwenye kucha hata siku ya Pasaka. Alikuwa mtani wa kila mtu, na mimi aliniita Mheshimiwa, kwa sababu, alisema, mtoto huyu akishakataa jambo hakuna wa kulipinga.

Kazi yake nyingine ilikuwa kuandika misalaba ya makaburini.

Masika ya mwaka ninaousimulia mama alijifungua mtoto wa kiume, aliyebatizwa Petro siku hiyohiyo kwa haraka, na siku ya pili mtoto akafa. Mjomba alikuja na sanduku lake la rangi, akaketi kwenye kizingiti cha jikoni na msalaba mdogo wa mbao magotini, akaandika jina la mdogo wangu kwa rangi nyeupe. Mimi nilikuwa na miaka minane hivi. Nilisimama karibu yake nikiitazama ile burashi nyembamba, na alipomaliza akaniambia nipulize herufi zikauke. Nilipuliza kwa bidii zote. Nilijiona nimepewa kazi kubwa.

Baada ya maziko mama akaugua. Alikaa hospitali ya masista majuma mengi, sisi tukimpelekea uji kwenye chupa ya chai, mimi na kaka yangu Deo, tukipokezana kuibeba. Sikuruhusiwa kuingia wodini kila siku. Siku nilizoingia nilimkuta mama amekuwa mdogo, mikono yake juu ya shuka kama ya mtu mwingine. Nilianza kujiuliza kama kosa halikuwa langu, kama nisingepuliza zile herufi pengine zisingekauka, na Petro pengine angekuwa bado hajaandikwa. Mtoto hana pa kupeleka mawazo kama hayo. Baba nilimwogopa, Deo angenicheka.

Mama aliporudi nyumbani ilikuwa tayari kiangazi. Watu walikuja na kuku na mayai, wakasema Mungu ni mwema. Nami niliamini imekwisha, mpaka siku moja wakati wa chakula cha jioni nilipomsikia akimwambia baba, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimemwita Kalisti Jumamosi aje kunichora." Baba alivuta bakuli la maji. Alinawa mikono ingawa ugali wake ulikuwa nusu, akatoka nje kuitazama baiskeli ambayo haikuwa na ubovu wowote.

Hapa lazima niwaeleze akili yangu ilivyokuwa, la sivyo mtaniona mpumbavu zaidi ya nilivyokuwa. Katika maisha yangu yote nilikuwa nimeona picha za aina mbili. Za kwanza ni za kupigwa kwa kamera, kama ile ya Rais darasani na ile ya baba kwenye cheti cha ualimu, na hao walikuwa hai. Za pili ni za kuchorwa kwa mkono, na zote zilikuwa kanisani: watakatifu ukutani, mashahidi katikati ya moto, wanawake wanaolia kwenye Njia ya Msalaba. Katekista wetu alikuwa ametusimamisha mbele yao mmoja mmoja akitufundisha majina, na kwa kila mmoja alimalizia kwa kusema huyu naye alikufa, sasa yuko mbinguni. Sikuona hata mmoja aliyechorwa akabaki. Halafu mchoraji mwenyewe ni yule yule aliyemwandika Petro, na burashi ni ile ile. Nikajumlisha, nikapata jibu. Mama alikuwa anakwenda kuchorwa ili afe.

Jumamosi Mjomba alifika mapema, sanduku begani, kwapani amebana ubao wa sanduku la majani ya chai, ule mwepesi wa plaiwudi ambao nyuma ulikuwa bado na maandishi ya kampuni na upande mmoja umeng'ang'aniwa na vipande vya karatasi ya bati. "Mwangaluka, dada," akamsalimu mama, naye akaitikia. Mimi nilitoa shikamoo ya chini chini nikatazama pembeni. Akauliza, Mheshimiwa leo ameamkaje? Sikumjibu, na mama akanikanya.

Mama alikuwa amevaa gauni lake la Pasaka, la maua ya bluu, na viatu. Mjomba alimtazama kutoka juu hadi chini, akasema yeye hakuja kuchora harusi. Akamtuma ndani akavae kile anachovaa akimwagilia. Mama akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu masika, na badala ya kufurahi mimi nilizidi kuogopa, maana nilikuwa nimesikia watu wakisema mgonjwa akikaribia kwenda huchangamka. Akarudi na kitenge cha zamani, kilemba, na miguu mitupu. Akasimama kati ya matuta ya nyanya, kopo lake mkononi.

Sijui wengi wenu kama mmewahi kumtazama mchoraji akifanya kazi mchana kutwa. Mimi sikutaka kutazama na sikuweza kuacha. Aliegemeza ubao kwenye shina la mpapai, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akaanza kwa kaa la jikoni. Mistari michache tu, na tayari pale pamesimama mtu, bega moja chini kuliko lingine, kama mama alivyosimama. Kisha kijani, rangi iliyobaki kwenye mlango wa duka fulani, na nyeupe ya magunia, akizichanganya juu ya kigae mpaka akapata kijani cha majani ya vitunguu, na kingine cha mchicha. Jua lilikuwa linapanda. Harufu ya tapentaini ilijichanganya na harufu ya nyanya zilizomwagiliwa, na njiwa walikuwa wanalia kwenye minyaa. Mtu angepita nje ya ua angesema hapa pana amani.

Ilipofika rangi ya mwili akakwama. Miaka ile rangi ilikuwa haba, ukipata kopo la bluu unashukuru, kahawia hujaiona tangu mwaka juzi. Akamuuliza mama kama bado ana ule udongo wake. Mama alikuwa na udongo mwekundu wa kichuguu aliouhifadhi kwenye chungu kilichopasuka, udongo laini ambao wanawake wa kwetu huchekecha na kuukandikia ukuta ili nyumba ipendeze. Mjomba akauchekecha tena kwa kitambaa, akausaga juu ya jiwe kwa chupa, akamimina mafuta yake tone kwa tone. Ukawa mzito, ukang'aa. Akauchukua kwa burashi, akaanza kumjenga mama uso.

Niliona yote. Jumatano ya Majivu nilikuwa nimepakwa jivu kipajini nikaambiwa mimi ni mavumbi na mavumbini nitarudi. Kaburi la Petro lilikuwa la udongo mwekundu uleule. Na sasa mama yangu alikuwa anahama kutoka pale alipokuwa amesimama, anaingia kwenye ubao, shavu, paji, mdomo, na kila alivyozidi kuonekana kwenye ubao ndivyo yule wa kwenye matuta alivyozidi kuchoka. Hilo sikulibuni. Nilimwona akibadilisha mguu, akishika kiuno.

Nikaenda kusimama mbele yake.

Mjomba akasema, Mheshimiwa, unanizibia. Nikasogea hatua moja, akarudisha burashi ubaoni, nikarudi palepale. Niliwaza hivi: kama ni lazima mtu achorwe, basi atakayeonekana pale ni mimi. Sikuwa shujaa, msinisifu. Nilikuwa nimefumba macho ili nisijione nikihama. Mara ya tatu baba angenichapa kama angekuwepo, lakini alikuwa ameondoka tangu asubuhi na ile baiskeli yake nzima. Mama aliniwekea mkono kichwani akasema kwamba hata hivyo amechoka, anaingia ndani kujinyoosha kidogo, na kwamba niwashe moto nipashe moto michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, nimpelekee mjomba wangu.

Nilimpelekea ile michembe na karanga kwenye ungo. Alikuwa anaendelea kuchora bila mama kuwepo, kwa kukumbuka, akiimba puani. Uso ulikuwa umekwisha. Mikono imekwisha, kopo limekwisha na maji yake yanashuka. Kitenge kimekwisha. Nikaweka ungo chini, na lile swali nililokuwa nalibeba tangu juzi likatoka.

"Mjomba, na msalaba wake umeshauandika?"

Burashi ilisimama hewani. Nimewahi kuwauliza watu wazima maswali mengi maishani, na nimejibiwa kwa kicheko, kwa kofi, kwa "nenda kacheze". Yeye aliweka burashi kwenye kopo, akajifuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa, akanivuta nikae karibu yake kwenye ukingo wa tuta. Akaniuliza nani kaniambia. Nikamwambia hakuna, nimeona mwenyewe. Nikamweleza juu ya watakatifu na picha za kamera, na Petro, na zile herufi nilizozipuliza. Nilieleza huku nalia, na kamasi, na Kiswahili na Kisukuma vikichanganyika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema kwamba ni ujinga. Mpaka leo namshukuru kwa hilo kuliko kwa picha yenyewe.

Kwanza akasema kuhusu herufi. Alisema kwamba rangi hukauka kwa upepo wa Mungu, upulize usipulize, na kwamba aliniambia nipulize kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa analia na hakutaka kufanya ile kazi peke yake. Kisha akautazama ubao. Pale chini mguu wa kulia ulikuwa umekwisha kupakwa, vidole vyote vitano vimekanyaga tope. Wa kushoto ulikuwa bado mstari wa kaa tu.

"Huu nauacha," akasema. Akanyoosha kidole gumba, akaufuta ule mstari wa kaa mpaka ukabaki ukungu wa kijivu juu ya ubao. "Mtu mwenye mguu mmoja haendi mbali. Mpaka wewe mwenyewe uniambie niumalize, atabaki hapa bustanini."

"Nikikataa kila mwaka?"

"Basi kila mwaka nitarudi na mguu wangu sandukuni. Mimi ni nani wa kukupinga, Mheshimiwa?"

Halafu akanipa burashi. Sikutaka kuishika, ilikuwa ile ile. Akanishika mkono, akachovya nyekundu, akaniambia nitundike nyanya moja popote ninapopenda. Niliiweka karibu na kidole cha mama, doa kubwa kupita kiasi, limeinama upande. Tukala michembe. Jioni mama alipotoka kuja kutazama alisimama mbele ya ubao, akatabasamu, kisha akainama akauliza mguu wake mwingine uko wapi. Mjomba akasema rangi imekwisha. Alisema hivyo huku chungu cha udongo kiko palepale miguuni pake, robo tatu kimejaa.

Masika yakaja, mama akalima. Kiangazi kikarudi, na Mjomba naye, ametoka kuandika mabango ya maduka huko Geita, ambako watu walikuwa wameanza kumiminika kwa habari za dhahabu. Kabla hajala alinivuta pembeni akauliza, "Mguu?" Nikasema bado. Akashusha picha ukutani, akaongeza kuku mweupe chini ya mnyaa. Mwaka uliofuata akauliza tena, nikasema bado, akaongeza baiskeli ya baba imeegemea ukuta. Ndivyo tulivyoendelea. Nilikwenda sekondari ya masista, nikarudi likizo na kiburi changu cha kidato cha pili, akaniuliza, nikacheka, lakini nikasema bado. Bustani ile ya ubaoni ikajaa mpaka haina nafasi. Ina kisima, ina mbuzi wa jirani aliyekula kabichi zetu, ina mwezi ambao haupaswi kuwepo mchana. Kila aliyekuja kutembelea aliisifu, na kila aliyeisifu aliuliza habari ya mguu, na mama alijibu kwamba fundi wake ana shughuli nyingi.

Nilipokuwa mkubwa nilijionea haya. Nilishajua kwamba picha haiui mtu. Nilishajua kwamba nilikuwa mtoto aliyechanganyikiwa kwa msiba ambao hakuna aliyemweleza, na kwamba mtu mmoja mwema alikubali kuniingia akilini badala ya kunitoa kwa nguvu. Nikaifanya hadithi ya kuchekesha. Niliisimulia kwa marafiki, kwa mume wangu, kwa wanangu. Mjomba Kalisti alikuwa ameshafariki, amezikwa kwao Didia, na aliagiza sanduku lake la rangi nipewe mimi. Msalaba wake niliuandika kwa mkono wangu, herufi zimepinda kama mbuzi wanaopanda mlima, na nilipomaliza nikainama nikapuliza.

Mtu wa mwisho kumsimulia alikuwa mama mwenyewe. Alikuwa bibi kizee, amekaa kwenye mkeka kivulini, tunamenya karanga mimi na yeye, na mbele yetu ile bustani ambayo sasa inamwagiliwa na wajukuu. Nilimsimulia yote kwa vitendo, jinsi nilivyofumba macho mbele yake, jinsi nilivyouliza habari ya msalaba. Nilingoja acheke. Mama alikuwa mwepesi wa kucheka. Aliendelea kumenya.

"Hukukosea sana," akasema baadaye.

Akaniambia kwamba mwaka ule, siku ya kutoka hospitalini, sista mmoja mzee wa wodini alimkalisha chini akamwambia moyo wake umechoka, na kwamba akiyafikia masika mengine amshukuru Mungu. Baba alijua. Mama aliwaza kwamba Deo ni mkubwa, atamkumbuka, lakini mimi nilikuwa mdogo, na yeye hakuwa amewahi kupigwa picha hata moja. Ndipo akamwita Kalisti. Alitaka aniachie sura yake. Alichagua gauni la Pasaka kwa sababu ndilo alilotaka kuzikwa nalo.

Niliacha kumenya. Nilikumbuka baba na baiskeli yake.

Mama akasema kwamba ule mguu ulimkasirisha. Alitaka kazi iishe, na muda aliona hana. Kesho yake baada ya Misa alimkamata Kalisti nje ya kanisa akamwambia aje amalize, asimfanyie mchezo. Kalisti alisimama akiizungusha kofia yake mikononi, kisha akamwambia ukweli.

"Aliniambia, 'Dada, mwanao amekataa.'" Mama alitupa ganda pembeni. "Gete, kweli kabisa, nilikaa nikalifikiri neno hilo njia nzima. Nikasema, kama mtoto amekataa, mimi ni nani nikubali? Nikarudi nikashika kopo langu, nikamwagilia. Nilikuwa nakwenda kulala na nguo za kuzikiwa, ng'wana wane, mwanangu. Nikazirudisha sandukuni."

Hakusema kwamba mimi ndiye niliyemponya, na mimi sidai hivyo. Sista pengine alipima vibaya, au moyo wa Kisukuma una ubishi wake, au Mungu aliamua tu. Ninachojua ni kwamba mwanamke aliyekuwa ameshajiandaa kuondoka aliahirisha, kwanza kwa masika mamoja, kisha kwa mengine, akazeeka akiahirisha, akanilea, akanioza, akawakogesha wanangu wote watatu na mjukuu wangu wa kwanza. Kila kiangazi alisikia Mjomba akiniuliza pale pembeni ya jiko, na alijifanya hajasikia.

Alifariki mwaka jana, usingizini, vitunguu vyake vikiwa tayari kuvunwa. Deo, ambaye machimbo yalimpa pesa na kifua kibovu, alitaka ile picha iwekwe mbele ya jeneza, maana ndiyo nzuri kuliko zote. Nilikataa. Tulitumia ya kitambulisho, aliyokunja uso kwa ajili ya kamera. Deo alinuna siku mbili. Sikumweleza, na akisoma hapa ajue kwamba nilikuwa na sababu.

Nimeirudisha sasa kutoka kwa yule kijana wa Kahama, ina fremu ya mninga, na mchwa wameshindwa. Jumamosi iliyopita niliishusha, nikaiegemeza ukutani, nikafungua sanduku la Mjomba. Nilikuwa nimeagiza udongo wa kichuguu kutoka nyumbani, nikauchekecha kwa kitambaa kama alivyofanya yeye. Nilijiambia kwamba sasa hakuna tena wa kumzuia, ameshakwenda, na heshima ni kumaliza kazi ya watu. Nilikaa na burashi mkononi mpaka chai ikapoa. Mjukuu wangu, wa miaka sita, alikuja akaniegemea begani, akautazama ule ukungu wa kijivu, akaniuliza kama ndiyo namchorea bibi mguu.

Nilimwambia bado. Nikachovya nyekundu badala ya kahawia, nikamshika mkono, tukatundika nyanya ya pili karibu na ile yangu. Imetoka mbaya, imekaa kama kitunguu. Mwakani tutaongeza nyingine.